Siku Mkuu Alipompita Karani Wake

Karani wa dirisha la vibali hakujipachika mwenyewe jina la Rudi Kesho. Alipachikwa na watu waliopanga foleni mbele yake kwa miaka kumi na mmoja, na kwa kuwa wao walikuwa wengi na yeye mmoja, jina lilishika hadi kwa wakwe zake. Mhuri ukikaa upande, rudi kesho. Sahihi ikigusa mstari, rudi kesho. Picha ikionyesha meno, rudi kesho, na ukija uwe umefunga mdomo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kanuni, na mtu wa aina hiyo ukimsikia kwa mbali utamsifu, ila ukimkuta dirishani nawe una haraka, utamtukana kimoyomoyo yeye na babu yake.

Dirisha lenyewe lilikuwa adhabu. Lilikuwa na nondo bila kioo, kwa hiyo asubuhi upepo ulimpiga kifuani, mchana jua likamchoma usoni, na kutwa nzima watu wakamkoholea. Kaunta ilijengwa juu mno, hivyo alifanya kazi amesimama, miguu ikivimba. Kila jioni mkewe aliuliza swali lilelile: "Hiyo meza ya ndani mpaka lini, mume wangu?" Maana ndani, nyuma ya mlango unaofungika, kulikuwa na meza yenye kiti cha mikono miwili, na mzee aliyeikalia alikuwa amestaafu mwezi uliopita. Barua ya kumpa Rudi Kesho meza ile ilishachapwa. Ilikuwa kwa Mkuu wa ofisi, inangoja sahihi tu. Ijumaa Mkuu alimpiga bega akamwambia, "Jumatatu naitia sahihi, ondoa shaka." Mkewe alikuwa ameshashona mto wa kukalia.

Sasa tuje kwenye besiboli. Wahandisi wageni waliojenga daraja walipoondoka waliacha sanduku la marungu, glovu na kitabu cha kanuni kilichotafsiriwa. Marungu yakachukuliwa na wenye nguvu, glovu zikachukuliwa na wenye haraka, na kitabu, ambacho hakuna aliyekitaka, kikamwangukia Rudi Kesho. Alikisoma chote, hata maelezo ya chini yenye herufi za kuumiza macho. Ndivyo alivyokuwa refa wa mashindano ya maofisi kila Jumamosi. Hata ofisi yake mwenyewe ilipocheza, wapinzani hawakulalamika, kwa sababu walijua atawabana wenzake kuliko wao. Wala hakuna aliyewahi kumpelekea hongo, kwa kuogopa kuambiwa haijajaziwa fomu.

Kabla ya msimu aliwaita wachezaji wote kwenye ukumbi wa mikutano ili awafunze.

"Tuanze na homrani," alisema. "Umepiga mpira, umevuka ukuta. Umemaliza?"

"Tumemaliza!" wakaitikia kwa pamoja.

"Hamjamaliza." Akageukia ubao akachora pembe nne. "Kuna kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, halafu nyumbani, pale ulipoanzia. Lazima uvikanyage vyote kwa mpangilio."

Fundi bomba wa idara ya maji alitaka kujua, kama mpira ushavuka ukuta na hakuna wa kuufuata, mbio ni za nini.

"Usikimbie basi. Tembea. Lakini ukiruka kituo, wapinzani wakadai, umetoka mchezoni na pigo lako limepotea. Ndugu yangu, kibali kikishakubaliwa juu, si bado unazungushwa meza zote nne kugongewa mihuri? Basi ni vilevile."

Hakukuwa na mtu ukumbini ambaye hajawahi kuzungushwa meza zile. Wakaguna, wakaelewa.

"La mwisho. Mwenzako akiwa mbele yako vituoni, usimpite. Hata kama anakwenda kama bibi harusi, wewe kaa nyuma yake. Ukimpita, wewe uliyempita umetoka papo hapo, na hilo halingoji mtu adai. Nikiliona, nalitamka."

Mkuu hakusikia hilo la mwisho. Alikuwa ametoka kupokea simu, kwa sababu simu za wakubwa zina tabia ya kulia pale mtu anapoelezwa wajibu wake.

Ikaja Jumamosi ya fainali, siku moja tu baada ya ile ahadi ya sahihi, ofisi ya vibali kwa idara ya maji, uwanja umejaa mpaka juu ya ukuta. Raundi ya mwisho, Maji wana tano, Vibali wana nne, na wachezaji wawili wa Vibali wameshatolewa. Akitoka wa tatu, mchezo umekwisha. Kituo cha kwanza alisimama karani wa masijala, mtu wa makamo aliyeitwa Naam kwa sababu hilo ndilo jibu lake kabla hata Mkuu hajamaliza kuuliza. Alijua kumvisha mtu kilemba cha ukoka kuliko alivyojua kupanga mafaili. Kituoni alifika kwa kupigwa na mpira ubavuni, maana anayegongwa na mrushaji hupewa kituo cha kwanza bure, na alimshukuru aliyempiga.

Akaingia Mkuu mwenyewe kupiga. Msimu mzima hakuwa amegusa kitu kwa rungu lake isipokuwa mguu wake. Bahati ilimwangukia leo, kwani mrushaji wa Maji alikuwa na ombi la kibali cha kujenga ambalo lilikuwa limelala ofisini kwa Mkuu, na huu ulikuwa mwezi wake wa saba. Alirusha mpira wa upole, wa kupakatwa. Mkuu alifumba macho, akazungusha rungu, na mpira ukapaa, ukavuka ukuta, ukaangukia kwenye bati la mtu.

Uwanja ukalipuka. Pigo lile lilitosha kuwaingiza wote wawili nyumbani na kushinda sita kwa tano. Mkuu aliangalia rungu kwanza, kana kwamba limemdanganya, halafu akatoka mbio, mikono juu, tumbo likitangulia. Mbele yake Naam alikuwa anajikokota kuelekea kituo cha pili. Akasikia pumzi nyuma yake. Akageuka, akamwona Mkuu.

Maishani mwake mtu yule hakuwahi kumtangulia Mkuu mlangoni, kwenye ngazi wala kwenye birika la chai. Akasimama. Akajisogeza pembeni, akainama kidogo na kunyoosha mkono.

"Pita, Mkuu."

"Ahsante," akasema Mkuu, akapita.

Rudi Kesho aliona yote. Aliangaza macho uwanjani na kugundua kwamba hakuna mwingine aliyeelewa kilichotokea. Nahodha wa Maji mwenyewe alikuwa anapiga makofi. Ingetosha kuinama na kufunga kamba ya kiatu. Aliifikiria barua. Aliufikiria ule mlango unaofungika, na miguu yake ikiwa imepumzika chini ya meza. Akauinua mkono.

"Ametoka! Aliyepiga ametoka!"

Kelele zilizima hatua kwa hatua, kama watu wanaoambizana msiba. Mkuu alikuwa kituo cha tatu, mikono bado iko hewani.

"Nani katoka?"

"Wewe, Mkuu."

"Mpira si umevuka ukuta?"

"Umevuka. Lakini umempita aliye mbele yako."

"Mimi nimempita? Yeye ndiye kanipisha!"

"Kanuni haijali kupishwa, Mkuu. Na kwa kuwa wewe ni wa tatu kutoka, na yeye alikuwa hajafika nyumbani ulipompita, hakuna pointi hata moja. Mchezo umekwisha. Maji tano, Vibali nne."

Idara ya maji haikujua kama inaruhusiwa kushangilia. Mrushaji wao alikaa chini akashika kichwa.

Jumapili nzima mke wa Rudi Kesho aliongea na sufuria.

"Ungesema tu hukuona," alimwambia hatimaye.

"Niliona."

"Sijakuuliza kama uliona."

Jumatatu aliitwa kwa Mkuu kabla hajafungua dirisha. Alitarajia matusi, na alikuwa amejiandaa kuyapokea kwa adabu. Mkuu akainuka na kumshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Nimelala na jambo hili siku mbili," alisema. "Mbele ya mji mzima umenitoa mimi. Ofisi hii haina mtu mwingine wa namna yako. Sasa nikikuficha ndani, wananchi watajuaje kwamba tunaye? Dirishani ndipo wanapotuona. Nataka wakuone wewe, mpaka siku utakayostaafu."

Akaichana barua mara mbili, taratibu. Meza ya ndani alipewa Naam, kwa kuwa ni mtu anayejua kuwapisha watu. Rudi Kesho aliukagua uso wa Mkuu kama anavyokagua fomu, akitafuta kisasi hata cha punje. Hakukiona. Mkuu alikuwa na machozi machoni, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Jioni alimsimulia mkewe. Mama wa watu alilia, akasema kanuni zake zimemponza, akasema afadhali mume maskini mwenye msimamo, akampakulia nyama yote iliyokuwa chunguni. Naye alikula ameinamisha kichwa. Hakumwambia kwamba pale uwanjani, alipouinua mkono, kanuni haikuwepo akilini mwake. Kilichokuwepo ni Mkuu mwenye mikono juu, na furaha kali ya kumtamkia mtu yule kwamba ametoka, furaha ambayo kwa dakika ile asingeibadilisha na meza hata mbili. Angemwambia, lakini mjini kote ni mkewe peke yake aliyekuwa anamhurumia, na nyama ilikuwa tamu.