Ndimu Juu ya Marumaru

Mama yake Nelly alipiga simu asubuhi, Nelly akiwa anafuta marumaru ya meza ya jikoni.

"Mto umeshuka," mama alisema. "Tope la huku kijijini Wema bado laini. Usipokuja kupanda mpunga wiki hii, mjomba wako Hiribae atalipanda shamba letu. Na akishapanda, hatoki."

"Nitaomba ruhusa, mama."

"Unaomba tangu Ramadhani! Hilo jiwe lina homa, hata haliwezi kuachwa peke yake?"

Nelly alicheka, akaendelea kufuta.

Jiwe lenyewe lilikuwa jeupe, la mistari ya kijivu, nyumbani kwa Fosia, aliyeitwa Mama Ilhan, mwenye duka la vitambaa hapo Garsen. Mwezi wa kwanza wa kazi, Nelly alipasua kambare juu yake, kisha akalisugua kwa ndimu kutoa shombo, kama wafanyavyo wanawake wa kwao kwenye mbao. Ndimu ikalibabua, likabaki na doa lisilong'aa, hadi fundi akaletwa kutoka Malindi. Tangu hapo akajifunza: maji ya vuguvugu, sabuni isiyo kali, kitambaa kikavu, mafuta na manjano yafutwe papo hapo, sufuria ya moto isiliguse kamwe. Akawa hodari. Uhodari huo ndio uliomfunga.

"Mama Ilhan, naomba siku chache tu nikapande," Nelly alimwambia.

"Abaayo, dada yangu, nani atalitunza? Yule kibarua wa juzi alilimwagia siki! Wewe ndiye mikono yangu."

"Mikono ina mwenyewe, Mama Ilhan."

Fosia aliangua kicheko, akaenda zake dukani. Kitambulisho cha Nelly alikuwa amekifungia kabatini, "kisipotee," na bila hicho hupiti kizuizi cha polisi barabarani.

Nelly alichomwa moyoni. Mtu anyimwe udongo wake kwa ajili ya jiwe la mwingine, na bado ashukuru kwa kusifiwa! Akalitazama kapu la ndimu. Mharibifu hufukuzwa, na anayefukuzwa hurudishiwa kitambulisho chake. Akakata ndimu, akaikamua katikati ya jiwe, akaiacha ilibabue. Adhuhuri alipopangusa, doa lilikuwa pana kama sahani. Akafunga nguo zake kwenye leso, akangoja.

Fosia aliporudi aliliona hata kabla ya kuvua viatu. Akalipapasa. Akalitazama fundo la leso.

"Umechoka," alisema, kwa upole uliotisha kuliko kelele. "Fundi hapatikani mpaka mwezi ujao. Nitaagiza poda ya kung'arishia, utasugua wewe, polepole, kila siku. Simwamini mwingine."

"Nifukuze, Mama Ilhan."

"Nikufukuze uende wapi, abaayo? Teleka chai."

Nelly akateleka. Alipokuwa akiimimina, simu ililia juu ya marumaru. Ilikuwa mama. Akageuka kuitazama, tone la chai likaanguka kando ya doa.

Kwanza akachukua kitambaa, akalifuta.