Tangazo la Sabuni kwenye Ukuta wa Bi Somoe

Bupe alikuja Dar es Salaam akiwa msichana kutoka Tukuyu, akapata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji kule Chang'ombe, akakaa hapo hapo mpaka akastaafu. Alikuwa upande wa kukata na kukunja. Lebo za sabuni, kalenda za maduka, tiketi za dansi, vipeperushi vya mechi, vyote vilipita mikononi mwake. Karatasi zilizoharibika, zile zenye rangi iliyovuja au herufi zilizopinda, msimamizi aliwaruhusu wafanyakazi wazichukue. Wenzake walifungia maandazi. Bupe alizilaza chini ya godoro zinyooke, akaziweka.

Mwanzoni alipenda rangi tu. Halafu siku moja akaweka kitandani lebo mbili za sabuni ya aina moja, ya zamani na mpya, akazitazama kwa muda. Kwenye ile ya zamani, mama anayefua amemwinulia macho mumewe kana kwamba anasubiri ruhusa. Kwenye mpya, mume hayupo, na mama anamtazama mnunuzi usoni. Bupe aliona kuna jambo limetokea nchini kati ya lebo hizo mbili, na hakukumbuka kulisoma kwenye kitabu chochote. Vitabu viliandika habari za magavana na mawaziri. Nani aliandika watu walioga kwa sabuni gani, walitamani nini, na mwenye duka aliwasemesha vipi ili wanunue?

Tangu hapo akawa mtafutaji. Alibandua matangazo kwenye milango ya maduka yaliyofungwa, akaomba maboksi ya viberiti vya zamani, akaokota kadi za harusi zilizotupwa. Nyumbani kwake Temeke maboksi yalijaa chumba kizima. Lakini hakumwambia mtu. Alijua mtaani mtu mzima anayeokota karatasi anaitwaje. Mwanawe, Edgar, karani anayekaa Kimara, ndiye pekee aliyejua, na kila akija alifungua dirisha akisema, "Mama, humu ndani kunanuka gazeti."

Kisha Mzee Mfaume akafariki. Alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mtu wa Lindi, fundi cherehani, na mkewe Bi Somoe ndiye aliyempokea Bupe alipohamia mtaa ule. Bupe alikwenda msibani kama jirani yeyote, akakaa uani na wanawake, akachambua mchele. Wageni walipozidi, mtu akasema majamvi hayatoshi, mengine yako chumba cha nyuma. Bupe akasimama kwenda kuyaleta.

Chumba kile kilikuwa stoo. Majamvi yalikuwa yameegemezwa nyuma ya kabati, na aliposukuma kabati apate kuyatoa, akauona ukuta. Ulikuwa umepambwa kwa karatasi kutoka sakafuni mpaka juu, zimebandikwa kwa uji wa unga wa ngano kama watu walivyokuwa wakifanya zamani ili udongo usidondoke. Na zote zilikuwa matangazo. Baiskeli, mafuta ya nywele, cherehani, dawa ya kikohozi. Usawa wa macho yake kulikuwa na mwanamke aliyeshika kipande cha sabuni mfano wa mtu aliyeshika mtoto mchanga, na chini yake imeandikwa: MUME MWEREVU HUMFURAHISHA MKEWE. Anwani ya duka ilikuwa Acacia Avenue, jina la barabara ambalo mji ulishaliacha miaka mingi.

Pembe moja ilikuwa imejibandua yenyewe. Bupe alisikia kisomo kinaendelea huko mbele. Akaishika ile pembe. Akajiambia anaigusa tu aone uimara wake. Karatasi ikaja, ikaja vizuri, halafu katikati ikachanika, ikamkata yule mwanamke shingo, kichwa kikabaki ukutani. Alipaswa kuacha hapo. Badala yake alikikunja kile kipande, akakiingiza kwenye pindo la kanga, akarudisha kabati, akabeba majamvi.

Alikuwa anainama kuwatengea wageni sinia la pilau pale kanga ilipolegea. Kipande kikadondoka, kikatua kando ya sinia.

"Mama Edgar, umedondosha," alisema mwanamke mmoja, akakiokota. Kisha akakigeuza, akaona udongo umegandia nyuma yake. "Hii imetoka wapi?"

Mwanaidi, bintiye marehemu, alikuwa amesimama karibu. Akakichukua, akakitambua papo hapo. "Hii ya ukutani kwa baba, chumba cha nyuma."

Bupe aliwaona wanawake wakitazamana, na alijua wanawaza nini. Kipande cha ukuta wa marehemu, siku ya matanga, kwenye pindo la kanga ya mtu? Kinapelekwa wapi? Kwa mganga gani? Mmoja akavuta watoto nyuma yake. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini vya kutosha, "Ndo' maana."

Hapo Bupe angeweza kusema kweli. Angesema, mie ninakusanya karatasi hizi, nimeingiwa na tamaa, nisameheni. Lakini kusema kweli kulikuwa ni kuwaonyesha chumba chake chenye maboksi, mbele ya watu wote hawa.

"Nimeiokota chini," alisema. "Nilitaka nikaitupe."

Mlango wa chumba cha mjane ulikuwa wazi. Bi Somoe alikuwa amekaa humo kwenye mkeka, amejifunika nguo nyeupe, na kumbe alikuwa anasikia yote.

"Haikuwa chini," alisema, bila kupaza sauti. "Tuliibandika mie na yeye, mwaka tuliooana. Mie nakoroga uji, yeye anapaka. Mama Edgar, si ungeniomba tu?"

Hakuna aliyemfukuza. Wangemfukuza, pengine angepata nafuu. Walimpisha njia tu, wakakusanya nguo zao asiwaguse, naye akapita mpaka nje. Baadaye alisikia kwamba Mwanaidi, kwa ushauri wa shangazi zake, alikichoma kile kipande jioni ile ile.

Habari ilifika Kimara kabla ya wiki kwisha. Edgar alikuja, safari hii hakugusa dirisha.

"Mama, ni kweli wanayosema?"

"Uchawi si kweli. Kuchukua ni kweli."

"Kwa karatasi ya sabuni?"

Edgar hakugomba. Alimtazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake, na mama mtu akatamani agombezwe. Alipoondoka, Bupe alifunga chumba cha maboksi, akawa anapita njia ya nyuma ya msikiti kwenda sokoni ili asipite mbele ya baraza ya kina Bi Somoe. Arobaini ya Mzee Mfaume ilisomwa, hakwenda.

Bi Somoe alikuwa bado yumo kwenye eda alipompigia simu.

"Shikamoo mama," alisema Bupe.

"Marahaba. Sikiliza. Mwanaidi anataka kupangisha chumba cha nyuma. Fundi anakuja kesho kupiga lipu. Nimemwambia asianze mpaka uje. Wewe una mkono wa karatasi, zibandue zile zilizobaki, nisije nikazikosa kabisa."

Bupe aliuona ukuta ule mbele ya macho yake. Aliona pia baraza, na wanawake, na kile kichwa cha mwanamke kilichobaki kikimsubiri pale alipokiacha.

"Mguu unanisumbua, mama," alisema. "Sitaweza kutembea."

"Haya. Pole."

Siku ya fundi Bupe alikaa ndani amefunga mlango. Kesho yake, mchana, hakustahimili tena. Akajitanda kanga mbili, akapita mbele ya baraza, akasalimia. Walioitikia ni wachache. Akaingia mpaka chumba cha nyuma. Ukuta ulikuwa wa kijivu, bado mbichi, umelainishwa vizuri. Alitia kiganja chake pale, kikatoka na unyevu.

Alimkuta Bi Somoe chumbani kwake.

"Nilikusubiri," alisema mjane. "Fundi akaniuliza, akaniuliza tena. Mwanaidi akasema, mama, huyo haji."

"Niliona aibu, mama."

"Aibu ya kuiba, au ya kunitazama?"

Bupe aliinamisha kichwa. "Ya kukutazama."

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi. Kile kipande ulichochukua kilikuwa kipande tu. Kwa hii aibu yako umenikosesha ukuta mzima."

Bupe alilia, na Bi Somoe akamwacha alie. Hakumwambia nyamaza, hakumwambia yamekwisha. Alipotulia, Bupe aliomba jambo ambalo hakuwahi kumwomba mtu yeyote maishani mwake. Alisema nyumbani ana maboksi ya karatasi kama zile, kwamba anazitunza kwa sababu hakuna mwingine anayezitunza, na kama Bi Somoe ataridhia, amsimulie yaliyokuwa ukutani, yeye aandike.

Bi Somoe alijiweka sawa kwenye mkeka. Kisha akaanza upande wa mlango. Palikuwa na baiskeli, akasema, na simba anaikimbiza lakini haipati. Mfaume aliipenda hiyo, alikuwa anawaonyesha wageni. Juu yake palikuwa na tangazo la cherehani, lile Mfaume alipewa na Mhindi aliyemfundisha kazi. Chini ya dirisha palikuwa na kipeperushi cha dansi, na hapo mjane akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza, kwa sababu usiku wa dansi lile baba yake alimfungia ndani.

"Na waliandika nini kwenye hicho cha dansi, mama?"

Bi Somoe alifumba macho, akatafuta. "Yameshanitoka," alisema. "Ningekuwa nauona ukuta ningekusomea."

Bupe anakwenda kwake mpaka leo, alasiri, Bi Somoe akiwa na nguvu za kuongea. Amempelekea hata baadhi ya maboksi, wakayafungua pamoja. Mwanaidi akimkuta humo hamsalimii. Bupe humsalimia hata hivyo, kisha huendelea kuandika.