Kidimbwi cha Edna

Kidimbwi cha Edna Pargeter nilikichimba mimi. Mumewe Cyril alishika kikombe cha chai na kutoa maelekezo; jasho lilikuwa langu. Hapa Wem, mji wetu mdogo wa Uingereza, hakuna mkono wa koleo kama huu, kamuulizeni yeyote. Cyril alitaka maji ya vyura tu. Samaki hapana, bata hapana kabisa. Alipofariki, Edna akabaki na vyura. Hawakujaliwa watoto. Kila Machi mayai yakielea aliniita nikaone, utadhani kajifungua yeye.

Bata wakitua asubuhi, jioni viluwiluwi wa vyura wamekwisha na maji ni tope. Nikamletea korongo wa plastiki wa kuwatisha; wakamnyea kichwani.

"Fundi," Edna akaniambia, "askari wako anaogeshwa."

Akatandaza mwenyewe mishipi ya kuvulia juu ya maji, huku na huku, bata wakakosa pa kutua. Wakakoma.

Dada yake Mavis, jirani yake ukuta kwa ukuta, akiona bata lazima arushe mkate.

"Una roho mbaya, Edna. Ndege wamekukosea nini?"

"Walishe kwako."

"Kwangu maji yako wapi?"

"Nunua beseni, dada."

Mwaka jana, mwezi wa nne, Edna alilazwa hospitali kwa upasuaji wa nyonga. Ufunguo akampa Mavis. Mimi eti nina mdomo.

Aliporudi na mkongojo alipitiliza bustanini. Mishipi ilikuwa imekunjwa vizuri ukutani. Maji yalikuwa kahawia, mkate umevimba juu yake, bata wamejaa. Kiluwiluwi hata wa dawa.

"Si wanapendeza?" Mavis akasema. "Nilitaka ukirudi ukute uhai, mdogo wangu, si kamba kamba kama jela."

Edna akanigeukia mimi. "Stan, koleo lako bado lipo?"

Nikakifukia kidimbwi. Mavis aligonga kioo cha dirisha lake mpaka akachoka, Edna hakugeuka.

Sasa, vyura hurudi kutaga walikozaliwa. Hilo hata mimi niliyetoroka shule nalijua, na hakuna aliyelifikiria. Machi hii, asubuhi ya mvua, walikuja. Wakakaa juu ya udongo nilioushindilia mwenyewe, wakisubiri.

Tukawaokota kwenye ndoo. Maji ya karibu ni bwawa la bustani ya mji, lenye bata wanaolishwa na kila mtu.

Mavis akatoka na koti la mvua. "Niwasaidie kubeba?"

"Wewe," Edna akasema, bila kuinua kichwa, "kalete mkate, uwavute bata upande wa pili."