Daktari Aliyempima Fundi Shaban Akiwa Hai

Najiat alikuwa daktari asiye na sindano. Alizaliwa Tabora mjini, akasoma mpaka vitabu vikamwomba apumzike, kisha akarudi na kazi aliyoiita utafiti: kutafuta namna ya kubadilisha zana za kazi, zimfuate mtu ambaye mwili wake umebadilika. Na macho yake sasa! Akikuona umekaa kwenye kigoda, anajua bega lipi litakuuma keshokutwa.

Siku hiyo alikwenda Kwihara kwa fundi Shaban, mshonaji aliyeanguka kutoka juu ya lori kule Igunga, miguu ikafa ganzi. Zamani Shaban alishona kanzu zilizonyooka hivi kwamba hata mvua ikikunyeshea, matone yanashuka kwa foleni. Sasa cherehani yake ya miguu ilikuwa imefunikwa shuka mwaka mzima, na Majidi, mpwa wake wa Bukene, alikuwa anakuja Ijumaa kuichukua. Shaban hakuililia miguu. Aliililia cherehani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea dawa?"

"Dawa sina. Nataka cherehani yako uiendeshe bila miguu. Hebu lala hapo mkekani nikupime."

Shaban akalala chali. Najiat akavuta futikamba kutoka utosini hadi kisiginoni. Lo! Mtoto wa Tabora, tena wa nyumba ya Kiislamu, kasahau kwamba huku anayelazwa akapimwa hivyo ni maiti, na kipimo chake hupelekwa kwa wachimba kaburi!

"Tatu! Tatu weee! Njoo uwaambie niko hai!" Shaban akapiga yowe.

Tatu, mkewe, akatoka jikoni na mwiko unaodondosha ugali. Jirani aliyechungulia dirishani alikwisha angua kilio, na kilio kile kilifika mpaka Igunga, ng'ombe wakaacha kula. Kufumba na kufumbua, jamvi la matanga limetandikwa uani.

"Wewe ni daktari au mchimba kaburi?" Tatu akamkaripia.

Aibu ikampanda Najiat mpaka masikioni. Mwingine angekusanya makaratasi yake akaandika kwamba mgonjwa amekataa. Yeye akajilaza mkekani, akamrushia Shaban futikamba.

"Nipime na mimi, baba. Kama ni kufa, tuzikwe pamoja."

"Pamoja na nani?" Tatu akadakia. "Mume wangu huyo!"

Shaban akacheka mpaka machozi. "Inuka, mama. Mimi sipimi mtu aliyelala, nguo yake haina mikono. Halafu mimi nashona nimekaa. Kwa nini unipime nimelala?"

Najiat akaona kosa lake si moja, ni mawili. Akainuka, akamsaidia kukaa. "Basi jipime mwenyewe, kama unayejikatia kanzu."

Shaban akajipima: bega, kiwiko, kiuno, na umbali wa kufika mezani. Kila namba aliyoitaja, Najiat aliiandika. Siku tatu akashinda kwa mchomeleaji mjini, cheche zikimtoboa baibui, mpaka wakapata kiti chenye mgongo na chuma cha kusukumwa kwa kiwiko kinachozungusha gurudumu la cherehani, ili mikono yote miwili ibaki kwenye kitambaa.

Ijumaa Majidi akafika, kamba begani. Akamkuta mjomba wake amekaa kwenye kiti kipya, jasho linamtiririka. Mshono wa kwanza ulikwenda kombo kama mlevi anayetafuta kwake. Shaban akafumua. Wa pili nao ukapinda, na Shaban akaitazama ile kamba. Najiat akachuchumaa, akakishusha kile chuma kwa upana wa kidole kimoja tu.

"Jaribu sasa, baba."

Wa tatu ukanyooka.

"Mjomba," Majidi akauliza taratibu, "kwa hiyo nifunge au nisifunge?"

"Funga mdomo. Na uivue hiyo suruali. Umetoka Bukene umechanika matakoni, treni nzima imekuona!"

Majidi akasimama nyuma ya mlango amejifunga kanga ya Tatu, suruali yake ikipita chini ya sindano.

Najiat akatoa daftari. Akaomba ruhusa ya kuandika katika utafiti wake kwamba mgonjwa ameweza kushona kwa kiwiko.

"Mgonjwa gani?" Shaban akauliza bila kuinua kichwa. "Andika fundi."

Najiat akafuta, akaandika fundi.