Gunia Lililokuwa Karibu na Kitanda

Ulikuwa ule mwaka wa maharagwe. Ng'ombe walikufa kwa ukame, maziwa yakawa hadithi, na sisi watu wa nyama na wali tukala maharagwe ya msaada asubuhi na jioni, mpaka wageni wakija wanaketi karibu na mlango, wapate hewa. Mwaka huo ndio afisa wa watoto alipobisha kwangu hapa Iftin.

Alikuwa msichana wa bara, viatu vimejaa mchanga, faili kubwa kuliko kifua chake. Akasema amekuja kumkagua mlezi.

"Mlezi wa nani?"

"Wa huyu."

Huyu ni mjukuu wangu wa miaka sita, ambaye wakati huo alikuwa ananisuka nywele, vibaya na kwa bidii. Mama yake aliachika, akaolewa tena Elwak. Baba yake ni mwanangu wa mwisho, na tunaishi boma moja. Mwalimu alikuwa ameripoti kwamba nyumbani kwetu kuna mtu anatafuna miraa na kumsahau mtoto.

Afisa akatupa jicho ndani. Karibu na kitanda changu palikuwa na gunia zima la majani ya miraa. Basi akaanza kuandika, kalamu inalia.

"Mama, unatafuna tangu lini?"

"Tangu nilipoota meno."

"Mara ngapi kwa wiki?"

"Nyama ikipatikana."

Hakucheka. "Na gunia hili linaisha kwa siku ngapi?"

"Tatu," nikasema, maana ndiyo kweli.

Akafunga faili. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayemwambia mgonjwa, kwamba mtoto itabidi akae kwanza kwenye makao ya watoto mjini, wakati wao wanaangalia hali yangu.

Mimi shule nilifika darasa la pili, lakini hiyo niliielewa.

"Mtoto simtoi," nikamwambia. "Keti unywe chai, lakini mtoto simtoi."

Akaketi, sijui ni chai au ni macho yangu. Nikamalizia hesabu yake: "Siku tatu, lakini wakiwa na mimba ni mbili."

Kalamu ikasimama. "Nani wana mimba?"

"Mbuzi."

Nikamshika mkono, nikamtoa nje na kikombe chake, nikarusha konzi moja ya majani. Mbuzi saba walipigana mpaka mmoja akamkanyaga kiatu. Huku kwetu nyasi zikikosekana, wanawake tunapita asubuhi kwenye mikeka ya wanaume wanaotafuna, tunazoa majani wanayotupa. Wanaume wanakula vichipukizi, mbuzi wanakula kinachobaki. Na kati yao wote, mbuzi ndio wanaorudi nyumbani kwa wakati.

Hapo alicheka, akapaliwa na chai. Nikajua nimeshinda. Kumbe yule msichana alikuwa na akili.

"Haya, mbuzi wanatafuna," akasema. "Na nani mwingine?"

Nikarudi kuketi, mjukuu akarudia nywele zangu. Mwanangu wa mwisho nilimnyonyesha mpaka akawa anaomba ziwa kwa maneno; nitamtajaje?

"Siku ukienda soko la mifugo, nani anamchukua mtoto shuleni?"

Mjukuu akajibu yeye, mkono bado kwenye nywele zangu. "Baba. Lakini alisahau. Nilikaa na askari wa geti mpaka adhana ya magharibi. Alinipa maharagwe."

Mwanangu alikuwa ameniambia walichelewa kwa sababu ya vumbi. Vumbi! Niliamini mimi, mwanamke ninayemjua mbuzi mgonjwa kwa kumtazama mkia.

Basi nikasema yote. Siku nne kwa wiki yuko mkekani. Siku zinazobaki amelala, na ukimwamsha kabla ya adhuhuri anakutukana kama si wewe uliyemzaa. Afisa safari hii aliandika polepole. Tukakubaliana: mtoto abaki kwangu, nimpeleke mimi na kumchukua mimi, na baba yake asitoke naye mpaka afisa arudi amwone amebadilika. Nikaweka kidole. Wino ule ulikaa siku mbili. Niliukanda pamoja na chapati.

Ijumaa iliyofuata mwanangu alikuja, kanzu imepigwa pasi, ananukia udi kama bwana harusi.

"Hooyo," akaniita, mama, kwa sauti ya asali, "nampeleka mtoto Buna kwa shangazi yake. Wiki mbili tu. Miraa nimeacha."

Shavu la kushoto lilikuwa limevimba.

"Una jino bovu?"

"Kidogo."

"Kawatemee mbuzi jino hilo, wana njaa."

Mjukuu akacheka. Baba yake hakucheka. Akanyoosha mkono amshike mtoto, mtoto akaingia nyuma ya mtandio wangu.

"Hooyo, mimi ndiye baba yake! Utamsikiliza yule msichana wa faili kuliko mwanao?"

Nikamwekea kikombe.

"Mtoto simtoi. Keti unywe chai, lakini mtoto simtoi."