Mteja Aliyekuja na Mvua

Mtaani walimwita Mama Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikutoka shingoni hata akienda msibani. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alikuwa na chumba kimoja tu: cherehani mbele, kitanda nyuma ya pazia. Ukuta wa nyuma ulipakana na kiwanja kitupu kilichoinuka kidogo kuliko nyumba, na hicho ndicho kampuni moja ilitaka kukijaza kifusi na kujenga jengo la maduka.

Ripoti ya mazingira ya kampuni ilisema kiwanja ni kikavu, hakina njia ya maji. Waliopima walikuja kiangazi, wakaona vumbi, wakaandika vumbi. Lakini mvua kubwa zikija, maji yalikatiza hapo kwenda mtoni, na mengine yaliingia kwa Mama Futi bila hodi. Njia ikizibwa, yote yangehamia kwake, na chumba hicho ndicho kilichomlisha na kumlaza.

Kabla ripoti haijapitishwa, afisa wa mazingira alitoa taarifa kwamba angekuja kuwasikiliza majirani. Mama Futi hakuwa na wasiwasi. Ushahidi ulikuwa ukutani: mistari ya matope ya kila mafuriko, mmoja juu ya mwingine. Asubuhi ya siku yenyewe akatoka kununua uzi. Aliporudi, wifi yake alikuwa amesimama katikati ya chumba, brashi mkononi, ukuta mweupe pe.

"Wifi, umenimaliza."

"Mgeni wa serikali aje aone matope? Mimi nimekusitiri."

Mama Futi akakaa kitini. Hata kugombana hakuweza, maana alijua rangi ile imepakwa kwa mapenzi.

Afisa alikuwa binti wa rika la mwanawe, viatu vimejaa vumbi. Alifuatana na mhandisi wa kampuni. Akautazama ukuta, akaugusa, kidole kikatoka cheupe.

"Mama, nakusikia, lakini hapa naona rangi mbichi tu. Siwezi kuandika maneno matupu."

Mhandisi akatabasamu. Wifi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akakumbuka kitu.

"Si umwoneshe yule mteja wako asiyekuja kuchukua nguo?"

Mama Futi akainuka kama aliyechomwa sindano, akavuta daftari la vipimo. Kila maji yalipoingia aliyapima kwa futi kuanzia sakafuni, akayaandika pamoja na wateja wengine, kwa utani wake tu. Kati ya sketi ya nesi na gauni la bibi harusi palisomeka: *Bi Mvua. Kimo: inchi kumi na nne.* Tarehe ilikuwepo.

Afisa akacheka, kisha akaacha kucheka. Akafunua kurasa za miaka kumi na tisa, akamkuta Bi Mvua mara kumi na moja. Akampigia simu yule bibi harusi, ambaye sasa ana watoto watatu, akamuuliza alipimwa lini. Tarehe zikalingana. Mhandisi akaanza kuangalia viatu vyake. Afisa akapiga picha kila ukurasa, akapanda kiwanjani na kutembea mwenyewe njia yote ya maji.

Jengo liliruhusiwa, lakini lisogezwe nyuma, na mtaro mpana wa mawe ujengwe pembeni. Mama Futi akamshonea afisa gauni kwa kipimo cha jicho, akalipeleka ofisini kwake.

"Siruhusiwi kupokea hata kitambaa cha mkono, mama," afisa akasema. "Ukitaka kunishukuru, endelea kumpima Bi Mvua, unipigie."

Akarudi nalo, moyo umejaa hadi njia nzima hakumtania mtu.

Mvua zikaja, siku nzima bila kupumua. Mama Futi alisimama mlangoni, futi mkononi, wifi akiwa nyuma yake. Maji yalishuka mtaroni yakinguruma, yakapita. Kizingiti kikabaki kikavu. Akafungua daftari, akaandika tarehe, kisha: *Bi Mvua. Kimo:* hakuja.

Akapiga simu.

"Mwanangu, amepita nje. Hakuingia."

"Asante kwa kunijulisha, mama."

"Asante ni yako wewe," Mama Futi akasema.

Wifi akaichukua simu. "Na umwambie yule mhandisi," akamalizia, "ukuta bado ni mweupe."