Kamba ya Mwalimu Ambakisye

Enzi zetu jiografia ilikuwa somo la miguu. Leo mwanafunzi anasoma milima akiwa amejilaza kitandani, kidole kinapanda Rungwe na kushuka bila jasho hata la pua. Siwalaumu. Nimefundisha somo hili hapa Iringa mpaka magoti yamegoma, na siku hizi nikitaka kuwaonyesha bonde naonyesha kwa rula, nimeketi. Nimechoka jamani. Wa rika langu mtanielewa.

Nilitoka kwetu Ilula kwenda kusoma bweni Mbeya, mama akanifungasha na ndoo ya nyanya kana kwamba Mbeya hakuna nyanya. Nikawasalimu wenzangu kwa lugha ya kwetu, "kamwene", wakacheka, wakanijibu kwa ya kwao, "ugonile", tukaendelea hivyo mpaka tukazoeana. Baridi yake sasa! Mwezi wa sita mtu alioga kwa imani tu. Chakula kilikuwa ugali wa dona na maharage yenye wadudu, nasi tuliyaita maharage ya nyama. Kama si Bibi Enesi, sijui tungekuwaje.

Bibi Enesi alikuwa mjane wa Kisafwa, na shamba lake la viazi lilipakana na uwanja wetu wa mpira. Hakuwa na shamba jingine. Jioni alichemsha viazi na maganda yake, akatupitishia kwenye ua wa matete, tukala na chumvi. Alipenda kusema kichwa hakishiki kitu tumbo likilia. Mwalimu wa zamu akitokea, tulivimeza vikiwa vya moto hivyo hivyo, machozi yanatutoka.

Mwalimu wetu wa jiografia aliitwa Ambakisye, Mnyakyusa mrefu mwenye koti moja la kahawia. Alichora ramani ya Afrika ubaoni kwa mkupuo mmoja, chaki haiinuki, Madagaska akaiongezea huku anakohoa. Shule haikuwa na mnyororo wa kupimia ardhi. Basi alinunua kamba ya katani kwa fedha zake, akaazima futi ya fundi seremala, akafunga vitambaa vyekundu kwenye kamba kwa vipimo sawasawa. Kamba ile tuliiheshimu kuliko kengele.

Sasa ikaja siku ya michezo, na kamba ya kuvutana ikakatika. Mshindi kati ya bweni letu na bweni la pili alikuwa hajapatikana, watu wanapiga kelele kama harusini. Wavulana wakamwendea Mwalimu Ambakisye. Yeye roho nyepesi, akaitoa yake. Tukavutana mchana kutwa, tukala vumbi, tukashinda, na kamba ikarudishwa stoo.

Wiki iliyofuata akatutoa kupima mpaka wa shule. Mkuu wa shule alitaka kujua bweni jipya litakaa wapi, na karatasi ya kiwanja ilitaja umbali wa mpaka kutoka barabarani. Tukapima, tunahesabu kwa pamoja kama wimbo, na kigingi cha mwisho kikaangukia katikati ya viazi vya Bibi Enesi. Mkuu akafurahi. Akamwita bibi, akamwambia avune vilivyopo na asipande tena, maana kipimo kimeonyesha pale ni pa shule.

Bibi hakubisha. Alisema wasomi wamepima, yeye aseme nini. Jioni ile viazi vikapita kwenye ua kama kawaida.

Siku chache baadaye Mwalimu akatupeleka uwanja wa mpira, tufanye mazoezi ya kupima kwa ajili ya mtihani. Kila darasa lilikwishaupima uwanja ule, na jibu lake tulilijua kwa kichwa. Safari hii ukatoka mfupi. Tukarudia, mfupi vilevile. Wenzangu wakaanza kusema madarasa ya zamani yalikosea. Mwalimu aliishika kamba, akaipitisha mikononi taratibu, kisha akamtuma mtu kwa fundi kuazima ile futi. Akapiga magoti nyasini na koti lake, akapima kutoka kitambaa hadi kitambaa, kila nafasi imezidi, jasho linamtoka kwa baridi ile. Halafu akakaa chini kabisa.

"Uwanja haupungui," akasema. "Kamba ndiyo imevutika. Na niliyewapa mkaivute ni mimi."

Asubuhi yake alirudia maneno hayo kwenye paredi, mbele ya shule nzima. Mwalimu kujikosoa mbele ya wanafunzi, enzi zile za fimbo! Mkuu alikunja uso, kwani bweni alikwishalitangaza. Mwalimu hakungoja ruhusa. Alikwenda kung'oa vigingi kwa mikono yake, akamwomba bibi radhi, akamwambia apande. Muhula haukuisha, uhamisho ukaja, wa Makongolosi huko kwenye vumbi la dhahabu. Bibi Enesi alimfungia kiroba cha viazi. Sisi mtihani wa kidato cha nne tuliufanya bila mwalimu wa jiografia, na mimi ndilo somo nililofaulu vizuri kuliko yote. Sikumwona tena.

Juzi nilikwenda Mbeya msibani, nikapitia shuleni. Penye viazi pamesimama bweni refu la bati la bluu. Mwalimu wa jiografia wa sasa, kijana mchangamfu, alinipokea vizuri, shikamoo mama, karibu mama. Akanionyesha mpaka wa shule kwenye simu, mstari umenyooka, akasema siku hizi kipimo hakikosei hata hatua moja. Nilimwamini. Sisi tulipima kwa kamba ya kuvutania, tukakosea, ila alikuwepo mtu wa kuishika tena na kuikagua.

Nikamuuliza kabla ya bweni pale palikuwa pa nani, na mwenyewe aliondokaje. Akaikuza ramani kwa vidole viwili, akaisogeza huku na huku, akatafuta kweli, sikumwona akinidharau.

"Haionyeshi, mama."

Nikamwambia palikuwa pa Bibi Enesi, alilima viazi. Akaitikia kwa adabu, akazima simu isimalize chaji.